Roboti juu ya barafu: wakati sakafu inaamua nani atashinda

Kila mwaka, mwezi wa tatu na wa nne, wanafunzi wa sekondari wa Marekani na Kanada wanapambana katika mashindano ya roboti ya FIRST, shirika lililoanzishwa na Dean Kamen mwaka 1989. Inahitajika sale kubwa, yenye viti vya maelfu ya watu. Katika miji mingi ya baridi, sale ya namna hiyo ni ile ya hoki ya barafu. Matatizo yanaanzia hapo, chini ya miguu.

Miezi hiyo msimu wa hoki unafikia mwisho. Mwenye sale hakubali kuyeyusha barafu, juu kuitengeneza upya ni kazi ya siku kadhaa: maji yanamwagwa kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, kwenye beto yenye mabomba ya baridi ndani. Kwa hiyo barafu inafunikwa tu na mbao nene za kuzuia baridi, kisha kapeti.

Kwa tamasha la muziki, hiyo inatosha. Kwa roboti, hapana. Chupa ya sukari ikitoka ndani ya frigo, inatoa jasho. Ni vile vile pumzi ya watu wengi ikigusa mbao zenye baridi: inageuka maji. Kapeti inalowa, skochi inaachia, mbao zinaachana kidogo. Roboti ya zaidi ya kilo 50 inateleza, ao gurudumu linakwama kwenye kiungo. Betri pia, zikipata baridi, nguvu inapungua.

Kuna atakayesema sakafu ni moja kwa wote. Lakini mwaka 2009, FIRST yenyewe iliondoa kapeti kwa makusudi, ikatandika sakafu ya utelezi ili roboti zicheze kama ziko mwezini. Tofauti ni hii: timu zote zilijua mapema, na magurudumu yalikuwa ya aina moja. Utelezi wa barafu hautangazwi, na hauko sawa pande zote za uwanja.

Mwaka ule ule, jimbo la Michigan lilianza kugawa mashindano yake katika vikao vidogo, mingi katika sale za michezo za shule. Sababu kubwa ilikuwa bei, lakini sale za michezo za shule kwa kawaida hazina barafu chini ya sakafu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye sale lisiwe hesabu ya viti. Aulizwe kwanza: chini ya kapeti kuna nini? Barafu ikibaki, yeye anaokoa pesa yake. Wanaolipa ni vijana waliotumia wiki nyingi kujenga roboti yao.