Minervali: jina hili limetoka wapi?

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo neno moja linazunguka nyumba zetu, Butembo mpaka Beni: minervali. Mtoto analeta kikaratasi, mama anahesabu faida ya soko. Lakini wachache wanajua kwamba ndani ya neno hilo kuna jina la mwanamke.

Minerva alikuwa mungu wa kike wa Warumi wa zamani, mungu wa elimu na wa kazi za mikono; wenye kusokota nyuzi na kufuma nguo walimsherehekea. Sikukuu yake ilianza tarehe 19 Machi, na majira hayo mwalimu alipokea malipo kutoka kwa wanafunzi wake. Ndiyo yaliyoitwa minerval. Wabelgiji walilishika neno hilo, wakatuletea pamoja na shule zao. (Wafaransa wenyewe hawalitumii hivyo!)

Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali ni za bure. Sekondari bado tunalipa. Na pesa ikikosekana, mimi naona darasani: nafasi za wasichana ndizo zinazobaki wazi kwanza.