Namba tasa ya tarakimu milioni 41: Kompyuta ya nyumbani imeachwa?

Ukitaka kumtumia rafiki yako namba hii kwa SMS za herufi 160, utahitaji SMS 256,402. Ina tarakimu 41,024,320, na haigawanyiki kwa namba yoyote isipokuwa 1 na yenyewe.

Inaitwa M136279841. Chukua 2 zipatazo 136,279,841, zizidishe zote pamoja, halafu toa 1. Iligunduliwa Oktoba 2024 na Luke Durant wa San Jose, Marekani, aliyewahi kufanya kazi kampuni ya Nvidia. Rekodi ya awali, ya mwaka 2018, ilikuwa na tarakimu 24,862,048.

Kwa nini namba za aina hii?

Hizi ni namba za Mersenne, jina la mtawa Mfaransa wa karne ya 17. Zidisha 2 tatu, toa 1, unapata 7, ambayo ni tasa. Ukizidisha 2 kumi na moja unapata 2,047, na hiyo siyo tasa: ni 23 mara 89. Zilizo tasa ni adimu sana, ya Durant ni ya 52 tu kujulikana. Ila zina kipimo chao maalum, Lucas-Lehmer, kinachorahisisha kuzihakiki. Ndiyo maana rekodi huenda kwao.

Kilichobadilika

Tangu 1996, mradi wa GIMPS umewategemea watu wa kujitolea wanaoweka programu ya bure kwenye kompyuta zao. Kwa miaka 28, kompyuta za kawaida ndizo zilizoshinda. Durant alikuja kivingine: alikodi maelfu ya chipu za GPU, zile zinazoendesha akili mnemba, katika nchi 17. Chipu iliyokuwa Dublin iliiona kwanza, nyingine ya San Antonio, Texas, ikathibitisha kesho yake.

Zawadi ya GIMPS ni dola 3,000, na Durant alisema ataipeleka shule aliyosoma Alabama. Kibiashara, hapo hakuna faida.

Inatusaidia nini?

Hailindi hela kwenye simu yako. Usimbaji wa RSA hutumia namba tasa za tarakimu mia kadhaa tu, tena za siri. Hii inajulikana na kila mtu.

Faida iko kwenye msako wenyewe. Hesabu hizi huibana mashine mpaka kasoro zinaonekana. Mwaka 2016, programu ya GIMPS ilisaidia kufichua hitilafu kwenye prosesa za Intel Skylake.

Sasa macho yako kwenye dola 150,000 zilizoahidiwa na taasisi ya EFF kwa namba tasa ya kwanza ya tarakimu milioni 100. Mwenye laptop moja bado anaruhusiwa kujaribu bahati yake. Tatizo ni kwamba sasa anashindana na mwenye uwezo wa kukodi maelfu ya chipu.