Pikapu za njia ya Ankoro zibebe upepo wao wenyewe

Ankoro iko pale mto Luvua unapoingia Lualaba, katika teritware ya Manono. Chumvi, sabuni, dawa na unga wa wahami vinafika kwa mtumbwi, kwa baiskeli au kwa pikapu ya mazuti. Pikapu ikizama njiani siku mbili, bei inapanda sokoni, na mgonjwa aliyelazwa juu ya mizigo anaendelea kungoja.

Mashofa wanajua dawa ya mchanga na matope: kupunguza upepo wa tairi. Tairi lenye bar 3 linachimba. Likishushwa mpaka karibu bar 1.5 linajitandaza, linashika chini, na gari linapita polepole. Lakini wengi hawafanyi hivyo, kwa sababu mbele kuna mawe. Tairi laini lenye mzigo likikimbia juu ya mawe linapata joto na kupasuka. Kujaza matairi manne kwa pompi ya mguu ni kazi ya kuua mtu. Pompi ndogo ya umeme wa betri nayo inachemka na kudai kupumzika. Kwa hiyo shofa anaacha tairi gumu, abiria wanashuka kusukuma, na gari likitoka linaacha shimo kwa anayefuata.

Ndiyo maana kila pikapu inayofanya njia hii ingepaswa kuwa na kompresa inayozungushwa na injini yenyewe. Kazi yake kubwa si kuziba pancha. Inampa shofa ujasiri wa kutoa upepo, akijua kwamba mchanga ukiisha ataurudisha, dakika chache tu kwa kila tairi.

Tena si lazima inunuliwe mpya. Pikapu nyingi zina kompresa ya kiyoyozi ambayo haifanyi kazi tena, nayo tayari imefungwa kwenye injini na ina mkanda wake. Fundi anaweza kuigeuza isukume hewa ya kawaida, baada ya gesi ya zamani kutolewa na mtu mwenye vifaa vyake. Jambo la kuangalia ni oili. Kompresa nyingi za kiyoyozi zinapata oili inayozunguka pamoja na gesi. Zikipewa hewa tupu zinakauka na kuungua. Zile zenye oili ndani ya tumbo lao zinavumilia zaidi. Nyingine zinahitaji njia ya kulishwa oili, na chujio la kuizuia isiingie kwenye tairi.

Hapa hakuna nafasi ya ubahili. Tangi litoke kwenye breki za lori na liwe zima, lisilo na kutu. Chupa kuukuu ya gesi si tangi la hewa. Swichi ikate kompresa karibu bar 8, na juu ya tangi iwepo vali ya usalama inayofunguka yenyewe swichi ikikwama. Bomba linalotoka kwenye kompresa liwe la chuma, maana hewa hiyo ni ya moto. Maji yanayokusanyika chini ya tangi yamwagwe kila wiki. Tangi lisilo na vali ni bomu chini ya watu wanaopanda kwa kuwa hawana gari lingine.

Wengine watasema: kwanza serikali itengeneze barabara. Ni kweli, na deni hilo halifutwi na kompresa. Lakini mvua haingoji bajeti, na matairi laini yanaiumiza barabara kidogo kuliko matairi magumu.

Swali la pesa nalo lina jibu. Mashirika yanayokodi pikapu kupeleka misaada kwa wahami yanaandika kwenye mkataba idadi ya abiria na tairi la akiba. Yaongeze mstari mmoja: kompresa ya injini, yenye vali, iliyokaguliwa. Mwenye gari atarudisha gharama kwa safari ambazo hazikulala njiani.

Na shofa mwenye upepo asiwapite watu wa baiskeli wanaosukuma makaa na mihogo huku mipira imelala. Kuwajazia ni jambo la dakika moja, na wao ndio wanaoilisha Ankoro siku ambazo hakuna gari linalopita.