Makaroni ya Kuoka kwa Mlaji Mmoja

Mwalimu aliyepangiwa kazi Daudi, wilayani Mbulu, naye akaishi peke yake, hushawishika kulala kwa chai na mkate. Hatumlaumu, ila baridi ya nyanda zile hudai chakula. Achemshe makaroni gramu 100, ayaepue yangali magumu kidogo, ayachanganye na nyama ya kusaga iliyokwisha kuungwa, kisha amimine yai 1 lililopigwa katika nusu kikombe cha maziwa. Sufuria iwe ndogo. Katika kubwa mchanganyiko hutandaa ukakauka. Makaa mengi yakae juu ya mfuniko, chini machache, dakika 20 hivi.

Tunasisitiza: jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kuota moto baada ya kupika. Hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, na aliyelala peke yake hana wa kumwamsha.