ASIOGOPE MOTA YA KUZUNGUKA



Juma hii mabishano ilikuwa kali katika interna. Ulizo ni hili: kijana asiyejua ufundi amepata Mazda RX-7 ya zamani, imefunguliwa yote, vipande viko ndani ya masanduku. Arudishe mota yake ya kuzunguka, ao atie ya pistoni yenye kila fundi anaijua?

Wengi walisema: atie ya pistoni. Sisi tunakataa.

Mota ile, iliyotoka kwa Mjerumani Felix Wankel, haina pistoni wala supape. Ndani muna rota za pembe tatu zenye kuzunguka, basi. Vipande ni vichache, mwanzaji anaweza kuvihesabu. Hatari iko kwa vyuma vyembamba kwenye ncha za rota, vyenye kufunga hewa: vikilika, mota inakosa nguvu. Kiwanda NSU kilianza kuuzisha Ro 80 mwaka 1967, na vyuma vile vilikiletea hasara kubwa. Mazda haikuacha. Mwaka 1991 ilishinda Le Mans na mota ya namna hiyo.

Basi kijana yule atie namba kwa kila kipande, apime pole pole, aulize fundi mzee bila haya. Akibadilisha mota juu ya woga, gari itatembea, lakini yeye atabaki palepale.

Na sisi wanafunzi? Mwenye kukopi zoezi la mwenzake ametia mota ya pistoni. Pointi anapata. Siku ya egzame ataifungua na nani?

Kapita wa interna, mwaka wa sita