MALAMBO YA STAREHE NA USALAMA WA MAJIRANI

Tangu Manispaa ya Ilemela ilipoanzishwa mwaka 2012 na ofisi zake kujengwa Buswelu, mashamba ya eneo hilo yamekuwa yakigeuka viwanja vya nyumba. Katika hali hiyo si ajabu mwananchi mwenye uwezo akiziba kijito kinachopita katika eneo lake, apate lambo dogo la kufugia samaki na kupumzikia na wageni wake siku ya Jumapili. Jambo hilo halina ubaya. Malambo si kitu kigeni kwa Wasukuma. Tofauti ni kwamba lambo la kijiji hutazamwa na watu wengi, ilhali la mtu binafsi hutazamwa na mwenyewe, tena anapokuwa na nafasi.

Wapo wanaodhani kwamba lambo dogo haliwezi kuleta hatari kubwa. Hesabu inawapinga. Lambo lenye urefu wa meta 50, upana wa meta 40 na kina cha wastani cha meta 2 lina meta za ujazo 4,000 za maji, yaani tani 4,000. Uzito huo ni sawa na wa shehena ya malori 400 ya tani kumi kumi, nao umezuiwa na tuta la udongo tu. Na udongo wenyewe wahitaji kuchaguliwa. Luseni, yaani ule wa kichanga utokanao na mawe ya Mwanza, hupitisha maji. Ule mweusi wa mbugani hushika maji vizuri lakini hupasuka wakati wa kiangazi. Fundi asiyejua tofauti hiyo hujenga tuta la kupendeza machoni ambalo ndani yake maji yanajitafutia njia.

Mfano mkubwa wa bwawa la starehe ni ule wa South Fork, Pennsylvania, nchini Marekani. Bwawa hilo lilikuwa mali ya klabu ya matajiri waliolitumia kwa uvuvi wa kujifurahisha. Mabomba ya kupunguzia maji yalikuwa yameng'olewa na mmiliki wa awali, wala klabu haikuyarudisha. Kilele cha tuta kilipunguzwa ili magari ya farasi yapite, na katika utoro wa maji viliwekwa vyuma vya kuzuia samaki wasitoroke. Mvua kubwa iliponyesha, takataka ziliziba vyuma hivyo. Tarehe 31 Mei, 1889, maji yalipita juu ya tuta, likabomoka, na watu zaidi ya 2,200 wakafa, wengi wao katika mji wa Johnstown. Samaki walithaminiwa kuliko wakazi wa bondeni!

Wala si lazima kwenda mbali hivyo. Usiku wa tarehe 9 Mei, 2018, huko Solai, Nakuru, nchini Kenya, bwawa la shamba la mtu binafsi lilibomoka baada ya mvua nyingi na kuua watu zaidi ya 40. Mamlaka ya maji ilieleza baadaye kwamba bwawa hilo halikuwa na kibali.

Hapa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inayahusu pia mabwawa ya watu binafsi, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria ina ofisi zake mjini Mwanza. Kwa hiyo mtendaji wa mtaa anayeona tuta likipanda hana budi kuuliza kibali, hata kama mwenye tuta ni mtu anayeheshimika. Aulize pia ni nani wanaoishi chini ya tuta hilo, na kama wamearifiwa. Ofisi ya ardhi nayo isipime viwanja katika mkondo ambao maji yatafuata siku tuta litakapobomoka.

Walimu wana kazi yao. Mtoto huvutwa na maji yaliyotulia, na kingo za lambo huteleza. Tena konokono wanaoeneza kichocho hupenda maji ya namna hiyo, na ugonjwa huo umeenea sana katika Kanda ya Ziwa.

Wakati mzuri wa ukaguzi ni kiangazi, kati ya Juni na Septemba, maji yanapopungua na nyufa, mashimo ya panya na mizizi ya miti iliyoota juu ya tuta huonekana waziwazi. Utoro usafishwe kabla ya mvua za vuli, na kama una wavu wa samaki, wavu huo uondolewe.