Herufi ya Namba Haibadilishi Oili

Muulize dalali wa Dar es Salaam bei ya Toyota IST na jambo la kwanza atakalokutajia ni namba. Hii namba E, ile namba D ya mwishoni, bei haziwezi kulingana. Baada ya namba inakuja rangi, kisha viti, kisha redio. Sevisi hutajwa mwisho kabisa, tena kwa maneno mawili: iko vizuri.

Soko hili linapima kisichostahili kupimwa. Herufi ya namba inaonyesha gari lilisajiliwa lini nchini, basi. Haisemi kama oili ilibadilishwa kila kilomita 5,000 au mara moja tu tangu gari lishuke bandarini. Gari la namba mpya lisilo na risiti hata moja laweza kuwa limechoka kuliko la zamani ambalo mwenyewe ana daftari.

Ajabu ni kwamba mengi ya magari haya yametoka nchi inayotunza kumbukumbu. Japani gari dogo la mtu binafsi hukaguliwa likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kilomita zake huandikwa kwenye cheti. Karatasi ya mnada wa huko gari linakouzwa nayo hutaja kilomita na kasoro za bodi. Likifika kwetu, mfululizo huo unakatika, na wanunuzi wengi hawajui hata kwamba karatasi hiyo inaweza kuombwa. Mmiliki wa pili hapa nchini anarithi dashibodi tu, nayo wapo wanaojua kuirudisha nyuma.

Hata hivyo, pengo la sevisi halina uzito uleule kila mahali. Gari lililoegeshwa miaka miwili kwa sababu mwenyewe yuko masomoni litataka oili, betri, mafuta ya breki na pengine matairi. Lililofanya kazi ya teksi mwaka mzima bila sevisi ni habari nyingine. Oili iliyopitiliza hugeuka tope, tope likaziba njia zake, na vyuma vikasagana. Kuibadilisha wiki moja kabla ya kuuza hakurudishi kilichokwisha lika. Giaboksi za CVT zinatutia wasiwasi zaidi, maana huko kosa si kuchelewa tu: wapo wanaoweka mafuta ya giaboksi ya kawaida kwa kuwa ni nafuu. Siku ya majaribio gari litateleza vizuri tu.

Anayeuza bila kumbukumbu asiitwe tapeli. Wengi wetu tunatengeneza kwa fundi wa mtaani asiyetoa risiti, na huenda ni fundi hodari. Lakini gharama ya kutojua imwangukie muuzaji, si mnunuzi. Kila kazi isiyo na ushahidi ihesabiwe kuwa haijafanyika: oili na vichujio, mafuta ya giaboksi, kulanti, plagi, na mkanda wa taimingi kwa injini zinazoutumia, ambao kwa nyingi hubadilishwa karibu na kilomita 100,000. Ongeza malipo ya fundi wako mwenyewe, si wa dalali, kulikagua gari. Jumla hiyo itoke kwenye bei. Muuzaji akiona ameonewa, alete risiti. Na injini ikiwa tayari inakula oili na kutoa moshi wa bluu, usijadili punguzo. Tafuta gari jingine.

Kumbukumbu hazidai gereji kubwa. Picha ya risiti ya duka la spea na picha ya dashibodi siku ya sevisi zinatosha, na simu huziweka zenyewe kwa tarehe. Yadi nazo ziache kuficha karatasi za mnada. Gari lililo safi halina sababu ya kufichiwa karatasi.

Kuna jambo moja linaloweza kuanza leo bila kusubiri sheria. Mikataba mingi ya mauziano hutaja chasi, injini na bei, ikaishia hapo. Uongezwe mstari wa kilomita zilizosomwa siku ya makabidhiano, na pande zote mbili zisaini kando yake. Hatudhani kuna wakili atakayedai nyongeza kwa mstari mmoja.